Kazi ya Ubaridi na Watoto Wetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Singida



Nimeombwa nieleze habari za ufundi wa majokofu na viyoyozi, na jinsi kijana wa mkoa huu awezavyo kufunzwa kazi hiyo. Wengi wenu ni watu wa kalamu na faili, nami ni mtu wa bisibisi na koleo; lakini mishahara yetu yatoka katika mfuko mmoja, tena neno langu la leo lawahusu makarani kuliko linavyowahusu mafundi. Nitaeleza kwa nini.

Nyuma ya ofisi nyingi kuna chumba au ua ambamo huwekwa vitu vilivyokufa: kiti kilichovunjika mguu, taipureta ya zamani, kabati lisilo na mlango, na jokofu moja au mawili. Jokofu lile halikwenda pale kwa miguu yake. Kuna karani aliyeandika katika daftari la mali neno "bovu" akatia tarehe na sahihi. Akaja mwingine akaandika "lasubiri kuondolewa". Miaka ikapita. Sasa nawauliza, Mabwana: kabla ya neno lile "bovu" kuandikwa, ni nani aliyelipima? Aghalabu hakuna. Lilikoma kupoza, likahukumiwa bila shahidi. Nami katika majokofu ya namna hiyo niliyopata kuyafungua, si machache ambayo ubovu wake ulikuwa kitu kidogo cha bei ndogo: rilei ya kuwashia mota, kidhibiti joto, au waya ulioliwa na panya. Mtambo wenyewe ulikuwa mzima kabisa.

Simlaumu karani. Alifanya hesabu iliyo sawa. Fundi wa kulipima jokofu hakuwapo karibu; kumwita kutoka Dodoma au Dar es Salaam ni nauli, posho na malazi, na jumla yake yakaribia bei ya jokofu jipya. Basi akaomba jipya. Hesabu ni sawa, lakini yatuonyesha kwamba mkoa wetu haukupungukiwa majokofu. Umepungukiwa watu wa kuyatunza. Na watu hao hawatoki mbinguni. Watatoka katika nyumba zetu, au watatoka mbali na kutugharimu posho daima.

Wapo watakaosema: jokofu ni kitu cha kupozea soda na bia, litatuhangaishaje? Na kiyoyozi hapa Singida, ambako upepo wavuma usiku na mchana na mtu hujifunika blanketi mwezi wa Julai, ni cha nini? Haya nitayajibu moja moja, nikianza na lililo zito.

Tazameni zahanati. Mpango wa chanjo wa taifa letu ulianza mwaka 1975, na tangu siku hizo chanjo zimesafirishwa kutoka bohari kuu mpaka kijijini kwa mnyororo wa ubaridi usiotakiwa kukatika hata mahali pamoja. Chanjo nyingi zawekwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Zikipata joto kwa muda mrefu huharibika. Hilo watu wengi walijua. Lisilojulikana sana ni kwamba baadhi yake, kama ile ya pepopunda na ile ya homa ya ini, huharibika pia zikiganda, na zikiisha kuganda hazirudi, hata ukiziyeyusha kwa upole namna gani. Kichupa kina alama ndogo ambayo rangi yake hubadilika kwa joto, na muuguzi huitazama akajua kama dawa imepata joto kupita kiasi. Lakini alama hiyo haisemi neno juu ya kuganda.

Sasa fikirini mtu asiyefunzwa ameitwa kutengeneza jokofu la zahanati. Alikuta lapoza kidogo. Akakizungusha kidhibiti joto mpaka mwisho, akalipwa, akaenda zake. Asubuhi barafu imeota nyuma ya vichupa. Mama aja kutoka kijijini, ametembea na mtoto mgongoni. Mtoto achomwa sindano, kadi yaandikwa, daftari lajazwa, ripoti ya mwezi yapelekwa wilayani ikiwa safi, jumla zote zimelingana. Karatasi zote ni sahihi, ila kinga haimo mwilini mwa mtoto. Hakuna mkaguzi wa hesabu atakayeliona kosa hilo. Litaonekana siku ugonjwa utakapokuja, na hapo hakuna atakayekumbuka fundi yule.

Ndiyo maana nasema hii si kazi ya soda.

Nataka sasa nieleze kidogo jinsi mtambo huu ufanyavyo kazi, maana kijana atakayeambiwa aende kuujifunza atauliza, na baba ayapasa kujibu. Watu husema jokofu "linatengeneza baridi". Hakuna kitu kama hicho. Baridi haitengenezwi; joto ndilo linalohamishwa, latolewa ndani likatupwa nje, kama mtu achotavyo maji katika mtumbwi uvujao. Wekeni mkono nyuma ya jokofu lifanyalo kazi, mtalikuta lile joto lililotolewa ndani.

Chombo cha kuchotea ni gesi. Kimiminika kinapogeuka kuwa mvuke huhitaji joto, nalo hulinyang'anya kutoka kitu kilicho karibu. Mtajua hivyo mkijipaka spiriti mkononi: mahali pale hupoa. Ndani ya jokofu gesi hupita katika mrija mwembamba kama unywele mnene, ikatokea penye nafasi, ikachemka kwa ubaridi mkali na kunyonya joto la chakula. Kisha mtambo wa kubana, ambao mafundi huuita kompresa, huivuta na kuishindilia mpaka iwe ya moto. Hupelekwa katika mirija ya nyuma, hutoa joto lake hewani, hurudi kuwa kimiminika, na safari yaanza tena.

Kwa wapendao hesabu: kuipoza kilo moja ya maji kutoka nyuzi 25 mpaka nyuzi 0 ni kuondoa kilojuli 105 hivi. Lakini kuyageuza maji hayo hayo yaliyokwisha kufika nyuzi 0 yawe barafu ni kuondoa nyingine 334, na kipimajoto hakisogei hata kidogo wakati wote huo. Ndiyo sababu barafu ni mali, na ndiyo sababu majokofu mapya ya zahanati yanayotumia jua yaweza kuendeshwa bila betri: mchana jua hugandisha maji ndani ya kuta zake, na usiku barafu ile hulinda chanjo. Kabla yake tulikuwa na yale ya mafuta ya taa. Wanafunzi wawili wa Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters, ndio waliobuni mwaka 1922 namna ya kupoza kwa kutumia moto, bila mota wala kitu chochote kizungukacho. Yalihudumia bara hili miaka mingi, nayo yalitaka mtu mwenye adabu: utambi ukatwe sawasawa, bomba la moshi lisafishwe, na jokofu lisimame wima barabara, likiinama kidogo halipozi.

Hapa mezani nimeleta kompresa ya jokofu la nyumbani, isiyo na umeme. Ina vipini vitatu, wala haikuandikwa kipi ni kipi. Mtu wa kubahatisha hujaribu waya hapa na pale mpaka kitu kiungue. Aliyefunzwa hupima ukinzani kati ya kila viwili. Tuseme amepata omu 4, omu 9 na omu 13. Mara moja ajua: vile viwili vyenye 13 kati yao ni cha kuwashia na cha kuendeshea, maana 13 ni jumla ya 4 na 9, na kile kilichobaki ndicho cha shirika. Kutoka cha shirika, penye omu 4 ni pa kuendeshea, penye omu 9 ni pa kuwashia. Hiyo ni hesabu ya kujumlisha ya darasa la pili, lakini ndiyo itofautishayo fundi na mharibifu. Na kama kipimo chaonyesha njia kati ya kipini na mwili wa chuma, basi mota imeungua kweli, na hapo karani aandike "bovu" kwa moyo mweupe.

Jambo jingine ni la mahali petu. Mji wa Singida uko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi badala ya 100. Fundi akiisha kulehemu mirija huifyonza hewa yote kwa pampu kabla ya kutia gesi, kwa sababu unyevu ukibaki huganda katika ule mrija mwembamba na kuuziba, tena huzaa tindikali ndani ya mtambo. Pwani, pampu nzuri huushusha mshale wa geji karibu na inchi 30 za zebaki. Hapa haitazidi 25 hivi, kwa kuwa hewa yenyewe iliyoko nje haina uzito zaidi ya huo. Kijana aliyefunzwa Dar es Salaam kwa kukariri, akirudi Singida atasema pampu imekufa, naye atanunua nyingine bure. Aliyefunzwa sababu atajua kwamba pampu ni nzima, ila amepanda mlima. Nalisema hili ili wazazi wasiridhike na mafunzo ya kuona tu na kuiga. Kuiga kwafaa mpaka mahali pabadilike.

Sasa habari ya hatari, maana sitaki kuwatia watu moyo kwa nusu ya ukweli.

Gesi za majokofu zimebadilika mara nyingi. Ile ya zamani, R-12, ilionekana kuwa yaharibu tabaka la ozoni juu angani, na mapatano yaliyofanywa Montreal mwaka 1987 yaliamua kuipunguza. Tanzania iliingia katika mapatano hayo mwaka 1993. Katika nchi kama zetu R-12 ilikomeshwa mwaka 2010. Ile ya viyoyozi vingi, R-22, yapunguzwa kwa hatua: kufika mwaka 2025 ilitakiwa iwe imepunguzwa asilimia 67.5, na mwaka 2030 iwe imekaribia kwisha. Iliyochukua nafasi katika majokofu, R-134a, haidhuru ozoni, lakini hupasha dunia joto kiasi cha mara 1,430 kuliko uzito uo huo wa hewa ya ukaa. Basi mwezi wa Oktoba 2016 mataifa yalikutana Kigali, kwa jirani zetu wa Rwanda, yakapatana kupunguza jamii hiyo ya gesi pia. Ofisi ya Makamu wa Rais, iliyosimamia mambo ya mazingira, imekuwa ikiwakusanya mafundi na walimu wa vyuo kuwafundisha namna ya kuishika gesi bila kuiachia hewani.

Majokofu mengi mapya ya nyumbani hutumia R-600a. Haina dhara kubwa kwa anga, lakini huwaka moto. Kwa kawaida jokofu la nyumbani huwa nayo chini ya gramu 150, yaani kidogo sana. Ndiyo maana ni salama kwa mtu ajuaye. Asiyejua hulehemu mrija wenye gesi hiyo ndani kama alivyozoea kulehemu ule wa zamani, katika chumba kilichofungwa madirisha. Wapo pia wanaotia gesi ya kupikia katika kiyoyozi kilichoundwa kwa gesi isiyowaka, kisha hutoza pesa kana kwamba wametia ile iliyo halali. Mwenye nyumba hulala chini ya kitu kile. Na kosa jingine baya kuliko yote: kujaribu uvujaji kwa kutia oksijeni ya kuchomelea badala ya naitrojeni, kwa kuwa mtungi wa oksijeni uko karibu. Oksijeni yenye mgandamizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Hayo hufundishwa wiki za mwanzo katika chuo chochote kizuri. Kando ya barabara, kijana aweza kufanya kazi miaka mitatu asiambiwe.

Basi njia ya kufunzwa ni ipi?

Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ambayo chuo chake cha mkoa tunacho hapa Singida. Mafunzo yake yana daraja tatu za tuzo ya taifa, ya kwanza mpaka ya tatu. Ufundi wa majokofu na viyoyozi umefundishwa katika chuo cha VETA cha Chang'ombe, Dar es Salaam. Kwa kijana wetu nashauri hivi: kama hakupata nafasi ya majokofu moja kwa moja, aanze na umeme wa majumbani karibu na nyumbani, ambako chakula na malazi ni kwa baba yake, kisha aende mbali kuongeza ubaridi. Nusu ya matatizo ya jokofu ni ya umeme. Fundi umeme aliyejifunza gesi hupata kazi mahali pawili. Fundi gesi asiyejua umeme humwita mwenzake kila mara na kugawana naye malipo. Aliyefaulu daraja la tatu, naye ana cheti cha kidato cha nne, mlango wa vyuo vya ufundi vya juu haukufungwa mbele yake. Na ninyi mnaoshika miundo ya utumishi mwajua tofauti ya mshahara wa Fundi Mchundo na wa Fundi Sanifu.

Tena kuna wale ambao wamekwisha kujifunza kwa uanagenzi, kwa jirani au kwa mjomba, nao ni hodari lakini hawana karatasi. VETA ina utaratibu wa kuwapima watu wa namna hiyo na kuutambua ujuzi wao, bila kuwarudisha darasani mwanzo kabisa. Karani wa manunuzi asimdharau fundi kwa kuwa alijifunza chini ya mwembe; amwambie aende akapimwe, kisha ampe kazi. Maana zabuni yataka cheti, na cheti hakipatikani kwa kulalamika.

Najua lililo katika mioyo ya wazee wengi hapa. Husema: mimi nilivaa shati jeupe, mwanangu avae bwelasuti? Fikra hiyo ina asili yake. Chama cha watumishi Waafrika wa Serikali kilipoanzishwa Tanga mwaka 1922, chini ya uongozi wa Martin Kayamba, mtu ajuaye kusoma, kuandika na kupiga hesabu alikuwa adimu, na kalamu ilikuwa ngazi ya pekee iliyosimamishwa mbele ya Mwafrika. Waliopanda hawakukosea. Shule kubwa za ufundi zilikuja nyuma sana: Ifunda mwanzoni mwa miaka ya 1950, Moshi mwaka 1957. Lakini siku hizi wasomi wa kalamu wamejaa. Tangazo moja la nafasi ya karani huleta barua za kujaza gunia, na wote wana vyeti. Ni fundi majokofu wangapi walioleta barua zao? Ninyi mnaopokea barua mwajua jibu kuliko mimi.

Wala kazi hii si ya watu wasio na akili za vitabu. Nitawapa habari ya mtu mmoja. Frederick McKinley Jones, mtu mweusi wa Marekani, alizaliwa mwaka 1893 katika mji wa Cincinnati, akawa yatima angali mtoto, na shule aliiacha mapema sana. Alijifunza mitambo katika gereji na mashambani, na elimu ya umeme aliipata kwa kujisomea. Mwishoni mwa miaka ya 1930 alibuni mtambo wa kupoza uliofungwa juu ya lori, wenye kustahimili mishindo ya barabara, jambo ambalo lilikuwa limewashinda wengi. Yeye na mfanyabiashara Joseph Numero walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Thermo King. Nyama, matunda, na hata damu ya majeruhi wa vita vilisafirishwa kwa mitambo ya namna hiyo. Alikufa mwaka 1961, na mwaka 1991 Serikali ya Marekani ilimpa nishani ya taifa ya teknolojia, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuipata. Malori yenye jina la kampuni ile hupita katika barabara kuu yetu yakitoka pwani kwenda Rwanda na Kongo. Kijana akiyaona aambiwe ni kazi ya nani.

Nami sikusahau swali la kiyoyozi. Ni kweli, mtu wa Singida aliyekaa kando ya ziwa Singidani jioni hahitaji mashine ya upepo. Lakini kiyoyozi hakikuanza kwa ajili ya watu. Mwaka 1902 mhandisi kijana Willis Carrier aliitwa katika kiwanda cha kuchapa huko Brooklyn, kwa sababu karatasi zilikuwa zikivimba na kusinyaa kwa unyevu wa hewa, na rangi zisikae juu ya rangi. Alichobuni ni mtambo wa kutawala unyevu ili karatasi zitulie. Mabwana makarani, kiyoyozi ni mtoto wa karatasi! Na hata leo kazi yake kubwa katika mkoa kama huu ni kulinda vitu: vyumba vya kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu, maabara za hospitali, vyumba vya upasuaji, mitambo ya simu. Siku chumba cha kompyuta kikipata joto mpaka mashine zijizime, mishahara yenu itachelewa, na hapo hata wapendao upepo wa ziwani watauliza fundi yuko wapi.

Tena kazi yaongezeka. Sheria ya mwaka 2005 ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, na nguzo zimefika mahali ambapo zamani hapakuwa na taa ila koroboi. Umeme ukifika, jokofu la pili au la tatu hufuata: la muuza samaki, la mwenye bucha, la mama auzaye maziwa na barafu. Kuku wetu wa kienyeji wajulikana mpaka Dar es Salaam, lakini husafirishwa wakiwa hai, wamefungwa miguu juu ya mabasi, na wengine hufa njiani. Mwenye chumba cha baridi angewachinja hapa, manyoya na faida vikabaki hapa. Lakini hakuna mwenye akili atakayejenga chumba cha baridi mahali ambapo kikiharibika Ijumaa jioni fundi atapatikana Jumatano.

Niliulizwa kabla ya mkutano kama kazi hii yawafaa binti zetu. Jibu langu ni kwamba yawafaa sana. Kulehemu mrija wa shaba kwa fedha hutaka mkono mtulivu, si mabega mapana. Na kupima hutaka subira. Mtungi wa gesi ya R-134a uuzwao kwa kawaida una kilo 13 na nusu hivi za gesi. Ndoo ya maji ambayo binti huibeba kichwani kila siku ni nzito kuliko hapo, wala hakuna aliyeuliza kama yamfaa.

Na juu ya gharama: ada ya chuo si kitu kikubwa zaidi ya yote. Kikubwa ni zana. Kijana arudiye na cheti bila geji, bila pampu ya kufyonzea, bila kipima umeme, bila seti ya kulehemu, ni sawa na karani asiye na kalamu. Ataajiriwa na mwenye zana, naye atabaki kibarua. Ndiyo maana nimeiomba kamati iangalie kama mfuko wetu wa kukopeshana, ambao mpaka leo hutoa kwa ajili ya ada, misiba na mabati, waweza kutoa pia kwa ajili ya zana za mtoto wa mwanachama aliyefaulu. Mkopo wa bati hauleti kitu ila kivuli. Mkopo wa pampu hulipa wenyewe.

Na ninyi wenyewe, kesho asubuhi, ombi la kuandika "bovu" likiwafikia mezani, liulizeni swali moja kabla ya kutia sahihi: limepimwa na nani, na kipimo kilisema nini? Liandikwe pale pale jina la fundi na namba ya cheti chake. Kama hana, faili irudi. Na katika makisio ya mwaka ujao fungu la matengenezo lisiwe lile la kwanza kukatwa, kwa kuwa fungu hilo ndilo mshahara wa vijana ninaowaombea hapa. Hakuna atakayetoka Chang'ombe kurudi Singida kukaa bila kazi huku majokofu kumi yamelala katika ua wa Serikali.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, Bwana Mwenyekiti. Kompresa hii na kipima umeme vitabaki hapa mezani mpaka saa kumi na moja. Mwenye kutaka apime mwenyewe vile vipini vitatu. Nimekwisha kuzifuta alama, na karatasi ya majibu iko mfukoni mwangu.